Mgeni wa kazi ndiye wa kwanza kuanguka: namna ya kupanga kazi ya nje kwenye joto kali

Kijana alikuwa na siku tatu tu pale kazini. Alikuwa anafunga nondo juu ya slabu, saa nane mchana, nami nimesimama hatua chache pembeni nikikagua vipimo. Nikaona koleo lake linauzungusha waya mpaka unakaza, kisha linauzungusha kinyume unalegea. Akarudia tena na tena. Nikamwita, "Dogo, vipi?" Akajibu, "Niko sawa, fundi," lakini aliangalia upande ambao sikuwepo. Hazikupita dakika mbili akawa chini, jasho bado linamtiririka. Alipona. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na asubuhi ile nilikuwa nimempangia kazi sawa na wenzake waliokwisha kulizoea jua lile kwa miezi.

Naandika haya kwa nyapara, fundi mkuu, au yeyote anayewatuma wenzake juani. Nilipoanza ufundi, siku za joto la kuunguza zilikuwa za kuhesabika, tulizivumilia zikapita. Sasa zinaanza mapema na kukaa muda mrefu, na usiku nao haupoi, hivyo mtu anafika kazini asubuhi mwili haujapumzika. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba zaidi ya wafanyakazi bilioni 2.4 hukumbana na joto la kupita kiasi kazini, na kwamba joto hilo husababisha majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970 kila mwaka. Majeraha yanahesabiwa humo kwa sababu mikono yenye jasho huteleza na kichwa kilichopata joto hukosea hesabu. Kwenye jukwaa la ghorofa ya tatu, kizunguzungu cha sekunde moja kinatosha.

Anza na mgeni

Mwili hujifunza joto. Ukizoeshwa kwa wiki moja au mbili, huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo hauhangaiki kama siku ya kwanza. Mtu mpya bado hana kinga hiyo, hata awe na nguvu kiasi gani. OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Laiti ningelijua hilo mapema.

Siku ya kwanza, mpe mgeni asilimia 20 tu ya muda wa kawaida wa kazi ya juani. Kwa siku ya saa nane, hiyo ni kama saa moja na nusu. Kila siku ongeza asilimia 20 nyingine, na muda unaobaki afanye kazi za kivulini: kukata waya, kupanga vifaa, kusoma michoro. Mzoefu aliyetoka likizo ndefu au ugonjwani aanze na asilimia 50, kesho yake 60, kisha 80, na siku ya nne akamilishe. Joto likipanda ghafla kuliko lilivyokuwa wiki nzima, wachukulie wote kuwa wageni, na wewe mwenyewe ukiwemo.

Halafu wapange wawili wawili, kila mtu na wa kumwangalia. Anayezidiwa na joto huwa wa mwisho kujua, na mgeni hasemi kwa kuogopa kuonekana mvivu. Usimuulize "uko sawa?" kwa maana jibu unalijua. Muulize leo ni siku gani, au mwambie akutajie kazi aliyoifanya kabla ya hii.

Pima pale mnaposimama

Joto linalotangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa hupimwa kivulini. Ninyi mko juu ya zege linalorudisha joto usoni. Kipimo kinachofaa huitwa WBGT, na kifaa chake kidogo hushikwa mkononi. Kinachanganya mambo matatu: kipimajoto chenye utambi uliolowa, ambacho kina uzito wa sehemu saba kati ya kumi, kingine ndani ya tufe jeusi linalopokea jua, sehemu mbili, na cha kawaida cha hewa, sehemu moja. Utambi uliolowa umepewa uzito mkubwa kwa sababu unafanya kama ngozi yako: hewa ikijaa unyevunyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka kikomo cha nyuzi 26 za WBGT kwa kazi nzito ya mtu aliyezoea joto, na 23 kwa asiyezoea. Tazama tofauti hiyo: mgeni anafika ukingoni nyuzi tatu kabla ya mwenzake. Ukivuka kikomo, punguza uzito wa kazi au ongeza mapumziko. Qatar, tangu mwaka 2021, inaamuru kazi ya nje isimame kabisa WBGT ikipita 32.1. Usiigeuze namba hiyo kuwa ruhusa ya kubeba nondo kwa nyuzi 31.

Kazi, maji na kivuli

Kazi nzito ziwe alfajiri, na kumwaga zege kuishe kabla jua halijapanda. Kivuli kiwe karibu kiasi kwamba mtu haoni uvivu kukifuata: turubai lililo wazi pande zote, upepo upite. Kontena la bati ni tanuri.

Maji yanywewe kabla ya kiu, robo lita kila dakika 15 hadi 20, yasizidi lita moja na nusu kwa saa kwa sababu maji mengi mno huzimua chumvi ya damu. Choo kiwe karibu. Nimeona wanawake wakijinyima maji kutwa nzima kwa kukosa pa kujisitiri, na nalihesabu hilo kuwa kosa la anayepanga kazi.

Mapumziko yalipwe. Anayelipwa kwa kipande hatapumzika kwa hiari, kila dakika ya kivuli anaiona imemkata ujira. Wakata miwa wa Nikaragua na El Salvador wameugua figo kwa maelfu, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, na kazi ngumu kwenye joto bila maji na mapumziko ya kutosha ni miongoni mwa sababu kuu zinazotajwa.

Akianguka

Mtu aliyechanganyikiwa, anayeongea ovyo, anayepepesuka au kuzirai kwenye joto mhesabu kuwa ana kiharusi cha joto. Usisubiri ngozi ikauke. Yule kijana alikuwa ameloa chapachapa. Mmoja apige simu ya dharura, wengine waanze kumpooza hapo hapo, maana kila dakika joto la mwili linapokaa juu ya nyuzi 40 ubongo unaumia. Mvue buti, helmeti na nguo nzito. Mkiwa na pipa kubwa au beseni, mzamisheni kwenye maji baridi hadi kifuani huku mtu amemshika kichwa. Mkikosa, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea, mkimwekea barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Asinyweshwe chochote kama fahamu haziko sawa. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa. Asiachwe peke yake hata kidogo.

Mengine yanayokuja na hali hii ya hewa inayobadilika

Mkisikia radi, wote washuke jukwaani, wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Moshi wa moto wa misitu hauzuiwi na kitambaa; unahitaji barakoa ya N95 iliyobana vizuri. Baada ya mafuriko, umeme wa eneo zima ukaguliwe kabla mtu hajakanyaga maji.

Mwenye kazi akilalamika kuhusu muda, mweleze hesabu iliyotolewa mwaka 2025 na mashirika ya dunia ya afya na ya hali ya hewa: kila nyuzi moja juu ya 20 za WBGT hupunguza tija kwa asilimia 2 hadi 3. Muda huo anaupoteza hata bila mapumziko. Na Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayeondoka kwenye hatari ya wazi inayotishia maisha yake.

Yule kijana alirudi daktari alipomruhusu. Nilimpa kazi ya asubuhi tu, kisha nikamtuma kivulini akate waya, akanuna. Saa tano alinifuata na kikombe. "Fundi," alisema, "tangu asubuhi sijakuona ukinywa maji."