Somo: Kuondoa jina la Windows ya zamani linalojitokeza kompyuta ikiwaka

Habari wakuu. Ukiweka Windows mpya huku ya zamani ikiwa bado ipo kwenye patisheni nyingine (sehemu nyingine ya diski iliyogawanywa), kila ukiwasha kompyuta inasimama kwenye kioo cha bluu ikuulize unaingia ipi. Usipochagua, kwa kawaida inasubiri sekunde 30.

Kazi yenyewe ni ya dakika mbili, ila weka nakala ya orodha hiyo ya kuwashia kwanza. Tafuta Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator", andika:

bcdedit /export C:\nakala_bcd

Ukikosea utarudisha kwa bcdedit /import C:\nakala_bcd. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoifunga diski), uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi, maana mashine inaweza kukudai.

Sasa:

1. Ingia kwenye Windows unayobaki nayo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, kisha Enter.
2. Fungua sehemu ya "Boot". Penye "Current OS" ndipo ulipo, usipaguse. Majina yote mawili yanaweza kuwa "Windows 10", kwa hiyo soma maneno hayo, usibahatishe. Kama pale hapana "Default OS", pachague ubonyeze "Set as default".
3. Chagua lile lingine, bonyeza "Delete", halafu "OK". Zima uwashe.

MASWALI

Mkuu, nimefanya na jina limeondoka, asante. Mbona diski D bado imejaa?

Umefuta jina tu, Windows ya zamani bado imekaa humo. Ingia folda ya Users uhamishe picha na kazi zako kwanza. Kabla ya kufomati (kufuta kila kitu kwenye patisheni) fungua Disk Management, programu ya Windows inayoonyesha patisheni zote: patisheni hiyo ikiwa imeandikwa "System", ACHA. Kwenye mashine za zamani mafaili ya kuwashia hubaki huko, ukifomati hata Windows mpya haitawaka. Tafadhali msilipite hili haraka.

Kaka, mimi pamoja na Windows nina Ubuntu (mfumo wa Linux) ninayotaka kuiondoa, kwenye msconfig siioni kabisa.

Haiwezi kuonekana hapo, dada. Kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) jina lake linakaa kwenye kumbukumbu ya ubao mkuu (motherboard) wenyewe. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya kuwashia, ambayo wengi bado huiita BIOS, weka "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza. Kisha kwenye Command Prompt ile ile andika bcdedit /enum firmware, tafuta penye "ubuntu", nakili namba ndefu ya "identifier" pamoja na mabano yake, uandike bcdedit /delete na namba hiyo. Usitumie PowerShell (dirisha jingine la amri), mabano hayo inayasoma vingine.

Nimefuta, nikawasha, ubuntu ikarudi!

Folda yake bado ipo kwenye patisheni ya kuwashia iliyofichwa. Kwenye Command Prompt ile ile andika mountvol S: /S kisha rd /s S:\EFI\ubuntu, ukubali kwa Y, halafu urudie kufuta jina. Folda za Microsoft na Boot zilizo jirani yake usiziguse.