Umeokota dafina, au wataka kuitafuta? Njia ya leseni Lamu na Malindi

Video ni zile zile: Mzungu shambani, kavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, mashine ya kunasa vyuma ardhini inalia, anapiga magoti na kufukua sarafu. Baada ya video huja swali: na sisi huku Manda na Mambrui, kwa magofu yote haya?

Sheria ya kwao imebaki kwao. Uingereza, chini ya Sheria ya Hazina ya 1996, anayepekua kwa kujifurahisha akipata hazina huiripoti kwa afisa aitwaye koroni ndani ya siku 14. Makumbusho yakiitaka, hulipwa. Dafina ya Staffordshire ya 2009 ilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 3.285, na aliyeipata akagawana na mwenye shamba. Kenya tunakwenda na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, na kwa sheria hiyo mali ya kale iliyo ardhini ni ya serikali. Kuna atakayeuliza kuhusu rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa katika fiqhi ya Kiislamu, na humusi yake, ile sehemu moja ya tano inayotolewa. Hilo aulizwe sheikh, lakini siku ya mahakamani haitakuwa hoja.

Anza kwa kujua unatafuta nini. Pete iliyomdondoka mgeni jana ufuoni Shela ina mwenyewe, na hiyo mrudishie au uipeleke polisi. Kitu cha kubebeka kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ndicho mali ya kale. Sarafu, kigae cha kauri, ushanga, vyote vimo.

Wengi hudhani kwamba bila jembe hakuna kosa. Sheria inakataza kutafuta bila leseni, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi. Kwa hiyo kutembeza mashine kwenye gofu la Takwa, hata usipofukua kitu, tayari ni kutafuta. Na Lamu usisahau askari: mtu anayezunguka vichakani na mashine inayolia atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Leseni yenyewe hutolewa na waziri, na maombi hupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nisikudanganye: haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa mapumziko ya Jumamosi. Hupewa mwenye elimu au uzoefu wa kuchimba kwa njia za kisayansi, anayeweza kuonyesha kwamba ana watu na fedha za kuimaliza kazi. Kama ni wewe, andika mpango wa utafiti: eneo gani, swali gani unalitafutia jibu, nani watachimba, vitu vitahifadhiwa wapi. Chukua pia kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambacho huombwa mtandaoni. Halafu mtafute mwenye ardhi. Leseni si ufunguo wa shamba la mtu, na huku pwani shamba moja laweza kuwa na mwenye hati, mwenye minazi na anayelilima, na pengine ni wakfu. Zungumza nao wote kabla ya kubeba chepeo.

Ukiwa huna elimu hiyo, nenda makumbusho ya Lamu au Malindi uulize kama kuna uchimbaji unaokuja na kama wanahitaji vibarua. Utachekecha mchanga kutwa nzima, jua la utosi, na huenda ukaambulia mfupa wa samaki. Lakini ni halali.

Sababu ya ukali wote huu inaonekana katika sarafu mbili za shaba. Moja ilipatikana Mambrui mwaka 2010, nyingine Manda mwaka 2013, na zote zina jina la enzi ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424. Shaba yake haikununulii hata mafuta ya boti. Thamani iko katika kujulikana ilikuwa tabaka gani la udongo na ililala na vigae gani. Aliyeing'oa gizani na kuitia mfukoni amebaki na kipande cha chuma tu.

Sasa upande unaowahusu wengi zaidi, wale ambao hawakutafuta chochote. Unachimba choo Pate au kisima Ngomeni, jembe linagonga kitu. Simamisha kazi. Piga picha kikiwa bado shimoni, kando yake weka rula au kiberiti ili ukubwa uonekane, na upime kina. Usikisugue kwa ndimu na mchanga kama sinia la shaba. Maandishi huondoka na kutu. Usimwite mganga aje kumtoa jini anayekilinda, wala usimsikilize tapeli wa zebaki nyekundu, ile dawa ya kubuni inayodaiwa kuwa ya mamilioni, anayetaka "arubuni kidogo" kwanza.

Una siku saba za kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, ukitaja mahali hasa na namna ulivyokipata, na kitu chenyewe ukikabidhi. Barua haihitaji wakili:

"Kwa Msimamizi wa Makumbusho. Mimi (jina, nambari ya kitambulisho, simu), mkazi wa (kijiji), tarehe (…) nikichimba msingi wa choo katika kiwanja cha (jina la mwenyewe), hatua 40 kaskazini ya msikiti wa zamani, nilikuta sarafu tatu kwa kina cha futi nne, pamoja na vigae. Kazi nimeisimamisha. Picha nimeambatanisha."

Andika nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na idadi ya vitu ulivyoacha, na isainiwe na aliyevipokea. Akikwambia muhuri hauko, mwambie utangoja.