Kabla ya kuzunguka na gari-nyumba kutazama vituko vya Route 66, Texas

Kipande cha Texas cha Route 66, barabara kongwe ya Marekani iliyoanzishwa 1926 na kufutwa rasmi 1985, ni kifupi kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Shamrock, karibu na mpaka wa Oklahoma, hadi Adrian upande wa magharibi ni kama kilomita 230, na vituko vyenyewe vimejipanga kandokando ya barabara kuu ya I-40. Kila kimoja kinatosha kwa nusu saa. Kinachokula siku, na kinachowafanya mume na mke wanuniane hadi jioni, ni gari-nyumba: pa kuliegesha, pa kuligeuzia, na upepo unaolisukuma.

Kwa hiyo mkae chini usiku uliotangulia mchague mnachotaka. Shamrock kuna U-Drop Inn, jengo la 1936 lililokuwa kituo cha mafuta, lenye mnara wa mapambo, ambalo hupendeza zaidi taa zake zikiwaka gizani. Mkilala mji huo, mtakuwa mmeliona kabla hata siku haijaanza. Mkielekea magharibi, kabla ya Groom mtaliona tangi la maji lililoinama kama linaanguka. Halianguki. Mwenye kituo cha malori alilisimamisha hivyo kwa makusudi ili madereva wapunguze mwendo, wakifika washangae, kisha wanunue kitu. Kituo hakipo tena, tangi limebaki. Ng'ambo ya mji upo msalaba wa mita 58 hivi uliojengwa 1995, wenye uwanja mpana wa maegesho. Hapo ndipo pa kunywa chai na kubadilishana usukani, hata kama hamna haja na msalaba.

Cadillac Ranch, magharibi kidogo ya Amarillo, ndicho kituko kinachohitaji maandalizi ya kweli. Mwaka 1974 wasanii wa kundi la Ant Farm walifukia Cadillac kumi, pua chini na mikia juu, shambani kwa tajiri Stanley Marsh 3 (ndivyo alivyoliandika jina lake). Mwaka 1997 zilihamishwa kilomita chache kuelekea magharibi, mji ulipozidi kuzikaribia. Kuingia ni bure, na kila mgeni anaruhusiwa kupulizia rangi, ndiyo maana mabati yamevaa maganda ya rangi mazito. Nunueni makopo ya rangi mjini mapema. Vaeni nguo msizozionea uchungu, kisha simameni upande upepo unakotokea. Ukisimama upande wa pili, rangi yote utaivaa wewe. Mvua ikiwa imenyesha, magari yale huzungukwa na madimbwi, na tope la pale likishaingia kwenye zulia la gari la kukodi, mtalilipia. Chukueni viatu vya akiba, mfuko wa kuweka vile vichafu, na mfuko mwingine wa kurudisha makopo matupu. Wanaoyatupa pale chini ni wengi, na ni aibu. Gari huegeshwa kando ya barabara ndogo inayoambaa na I-40, halafu mnatembea hadi shambani; egesheni mkiwa mmeelekea mnakokwenda, msije mkalazimika kurudi rivasi katikati ya watalii.

Tukija kwenye gari lenyewe: andika urefu wake wa kwenda juu kwa futi na inchi, kwa kuwa vibao vya Marekani havijui mita, ukabandike mbele ya dereva. Mapaa ya vituo vya mafuta na ya migahawa ya kuhudumiwa ukiwa ndani ya gari yameshachuna viyoyozi vingi. Mmoja wenu awe na kazi ya kuzunguka nje kabla ya kila safari: waya wa umeme na mpira wa maji vimechomolewa, ngazi imepanda, turubai la kivuli limekunjwa, dirisha la paa limefungwa. Mwingine akague ndani, makabati na friji. Msibadilishane kazi hizo katikati ya siku, maana hapo ndipo kila mtu hudhani mwenzake ameshafanya.

Mafuta yataenda kwa kasi, lita moja kwa kilomita tatu au nne hivi. Pampu nyingi hudai namba ya posta ya Marekani kadi inapoingizwa, na kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi hainayo. Ingieni ndani mlipe kwa mhudumu. Soma maandishi kwenye mpini wa pampu, kwani wa kijani mara nyingi ni dizeli. Funga gesi ya kupikia kabla ya kujaza mafuta.

Upepo wa nyanda zile si wa mchezo, na gari refu lenye ubavu bapa hulisikia kila lori linapopita. Punguza mwendo, na siku ukivuma sana ahirisheni. Vituko havina miguu. Kati ya Aprili na Juni kuna radi, mvua ya mawe na hata vimbunga, na gari-nyumba si mahali pa kujificha kimbunga. Tahadhari za hali ya hewa hutolewa kwa majina ya kaunti, siyo ya miji, kwa hiyo yaandikeni: Shamrock ni Wheeler, Groom ni Carson, Amarillo ni Potter na Randall, Adrian ni Oldham. Vituo vya mapumziko vya I-40 kati ya McLean na Groom vina vyumba vya kujikinga.

Chakula cha mchana, mkahawa wa Big Texan wa Amarillo utawatega na nyama yake ya kilo mbili, bure kwa atakayeimaliza pamoja na vyakula vinavyoambatana nayo ndani ya saa moja. Unalipa kwanza, na huruhusiwi kusaidiwa. Mwenye kushika usukani mchana asijaribu.

Adrian ni nusu ya njia yote, maili 1,139 kwenda Chicago na maili hizo hizo kwenda Los Angeles, na kuna kibao cha kupigia picha. Fikeni kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo jua litamkaa dereva machoni njia nzima. Mkahawa ulio mkabala na kibao haufunguki majira yote, kwa hiyo piga simu kwanza. Mkivuka mpaka kuingia New Mexico, saa hurudi nyuma kwa saa moja.

Nafasi ya kulala kwenye kambi ya magari-nyumba wekeni mapema, muombe ile ambayo gari linaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Ulizeni pia kama wana shimo la kumwagia tangi la choo, na glavu ziwe karibu na mlango.