Kuandaa Kikundi cha Ngoma cha Shule kwa Mashindano ya Kwanza

Kikundi cha wanafunzi kinachoingia kwa mara ya kwanza kwenye fani za ndani, yaani za sanaa, za UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari Tanzania, ambako ngoma na kwaya hushindaniwa hadi ngazi ya wilaya, mkoa na taifa, mara nyingi huanza maandalizi kwa kukariri hatua. Nashauri kianze na mapigo, kwa sababu mchezaji aliyezoea kuhesabu hatua kichwani hupotea mara mpigaji anapobadilisha mwendo, ilhali aliyezoea kusikiliza hujirudi mtazamaji asijue kwamba alikosea.

Chagueni ngoma ambayo mnaweza kumpata mzee wa kuwafundisha. Tuseme mmechagua bugobogobo ya Wasukuma, ambayo huchezwa kwa majembe. Mwombeni awaeleze kwanza shughuli iliyoizaa, yaani kulima kwa pamoja, kwani jembe katika ngoma hii si pambo, na mkono usiojua uzito wa kulima huonekana tangu mbali. Wanafunzi wasiojua Kisukuma waandikiwe maneno ya nyimbo pamoja na maana yake, ili nyuso zao zisipingane na wanachokiimba.

Juma la kwanza mtu yeyote asicheze. Kaeni chini, imbeni, pigeni makofi, na kila mmoja ajaribu ngoma walau mara moja, hata yule ambaye hatapewa kuipiga jukwaani. Kisha mpigaji mkuu na kinara wa wachezaji wakubaliane juu ya pigo la kukata, linaloashiria kwamba hatua inabadilika, na pigo hilo lisiguswe tena hadi siku ya mashindano. Nimewahi kuona kikundi chenye vijana hodari kikivurugika kwa sababu mpigaji, kwa furaha ya kushangiliwa, aliongeza pigo ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia.

Majembe yaje baadaye. Anzeni kurusha na kudaka fimbo, mkiwa mmeachana nafasi ya kutosha, na mtakapochukua majembe yenyewe mlezi akague kila mpini kabla ya kila zoezi, kwa kuwa jembe lililolegea linaweza kuchomoka hewani na kumjeruhi mtu. Hapa sioni sababu ya kuoneana haya: mwanafunzi ambaye bado hajadaka vizuri abaki na fimbo, au apangwe kwenye kuimba.

Kanuni za mwaka husika zichukuliwe mapema kwa waratibu wa michezo wa wilaya, hasa idadi ya washiriki na muda wa kuwa jukwaani. Mkipewa dakika saba, tengenezeni onyesho la dakika sita, kwa maana kuingia na kutoka pia hula muda, na vikundi vipya husahau kufanyia mazoezi sehemu hizo mbili. Ingieni mkiwa tayari ndani ya ngoma, na mtoke mkiimba mpaka mtu wa mwisho aondoke machoni pa majaji.

Siku yenyewe, ngoma za ngozi zitangulie kushughulikiwa. Ngozi iliyolala kwenye unyevu hulegea na kutoa sauti ya chini, hivyo ianikwe juani au ipashwe kwa moto wa nyasi kavu, mahali ambapo wenyeji wa uwanja wameruhusu, huku mpigaji akiigonga mara kwa mara ili aache kabla haijakaza kupita kiasi. Wachezaji wale chakula chepesi mapema, wafunge njuga na maleba kwa mafundo yaliyokwisha kujaribiwa katika mruko, kisha wakae karibu na ngoma zao badala ya kutawanyika kuwatazama wapinzani.

Mlezi asiingie uwanjani na simu ya kurekodi tu. Aje na daftari, na majaji wanapotoa maoni aandike maneno yao kama yalivyotamkwa, hata yale yanayouma, ili yasomwe mbele ya kikundi kizima kwenye zoezi la kwanza baada ya safari.