Jinsi ya kuchora picha za abstrakti kutoka kwenye riwaya mpaka kuzitundika: tuchukue riwaya ya Kusadikika

Ukimwambia mtu unachora riwaya kama Kusadikika anafikiria utachora wahusika, Karama kasimama barazani, Majivuno anamshtaki, mfalme yupo kitini. Hiyo ni ilastresheni, kazi nzuri tu ila siyo ninayoongelea hapa. Kwenye abstrakti huchori nani kafanya nini, unachora jinsi kitabu kinavyokwenda, wapi kinabana, wapi kinaachia, kitu gani kinajirudia mpaka kinakuuma. Mmarekani Frank Stella alifanya hivyo na Moby-Dick, riwaya ya Melville ya 1851 yenye sura 135, alianza katikati ya miaka ya themanini akaendelea zaidi ya miaka kumi na kazi zake akazipa majina ya sura za kitabu. Ukiziangalia unaona mawimbi yanajipinda, vitu vinagongana, hakuna anayekusimulia hadithi ila bahari unaisikia.

Mi nashauri uanze na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, maana umbo lake lipo wazi kabla hata hujashika brashi. Nchi iko angani, mipaka yake ni pepo. Wajumbe wametumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kila mmoja karudi na jambo la kuifaa nchi, na malipo yake ni kifungo. Na hayo yote tunayasikia kwa Karama akijitetea, kosa lake kutaka watu wafundishwe sheria.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji, usiandike kitu. Mara ya pili shika daftari, na usiandike matukio, andika mwendo: hapa panapanda, hapa pazito, hapa maneno mengi hapa kimya, hapa joto. Kwa kila safari jiulize rangi inaanzaje na inaishia wapi. Utaona kitu kimoja haraka sana, safari zinatofautiana lakini mwisho ni ule ule, basi huo mwisho upe umbo moja tu, tuseme mraba mweusi, na uuweke pale pale kwenye picha zote sita, kona ya chini kulia, ukubwa ule ule. Usiubadilishe hata kama picha moja inakuomba uubadilishe, maana mtazamaji akifika picha ya nne ndo anaanza kuuogopa, na hiyo ndo kazi ya kitabu chenyewe.

Fremu nazo zinaongea. Zile pande nne fanya sm 60 kwa 60, mbinguni na ardhini fanya ndefu za kusimama, sm 40 kwa 120, mbinguni uzito wote uwe chini na juu paachie wazi, ardhini kinyume chake. Usichore mstari wa upeo popote, nchi inaelea, haina pa kukanyaga. Ya saba ni baraza, pale Karama anaposhtakiwa, kubwa kuliko zote, na kwa sababu mwishoni Karama anashinda na waliofungwa wanaachiwa, hapo tu ndo mraba mweusi unafunguka upande mmoja.

Vifaa visikutishe. Kanvasi ya dukani ikiwa ghali nunua kitambaa cha marekani kizito, kivute kwenye fremu ya mbao kavu, pigilia pini kuanzia katikati kwenda kwenye kona, halafu paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili au mitatu ukipitisha msasa laini katikati. Hadibodi nayo inafaa sana, Edward Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia mbao za aina hiyo na rangi za mafuta za kung'aa. Ila kumbuka rangi ya mafuta inakaa juu ya akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji, akriliki haikai juu ya mafuta, itabanduka. Rangi chukua chache, tano zinatosha kwa seti nzima pamoja na nyeupe na nyeusi, seti ikiwa na rangi kumi na tano kila picha inakuwa kitabu chake. Kabla ya kugusa kanvasi fanya skechi ndogo ndogo kwenye karatasi, nyingi, ukubwa wa kiganja, na ile inayokuonyesha mlima au mtu bila wewe kutaka iache.

Sasa maonyesho, hapa ndo watu wanapachukulia poa. Tafuta sehemu mapema, Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, kuna vituo vya utamaduni, hata ukumbi wa maktaba unafaa sana kwa kazi ya kitabu. Uliza kamisheni ya ukumbi kwa kila picha inayouzwa ni asilimia ngapi, nani anabeba usafirishaji, taa zikoje, na vibali vya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, viulizie mapema. Kawaida katikati ya picha inakaa kama sm 150 toka sakafuni, lakini kwa seti hii vunja hiyo kanuni makusudi: chukua dira ya simu, ya mashariki itundike ukuta wa mashariki, ya kusini kusini, ya mbinguni ipandishe juu karibu na dari, ya ardhini ilaze sakafuni juu ya kibao kifupi, na baraza liwe ukuta unaomkabili mtu akiingia. Mtazamaji anakuwa amesimama Kusadikika yenyewe. Lebo ziwe fupi, jina, mwaka, vifaa, vipimo, na maelezo ya kitabu weka ukurasa mmoja tu mlangoni, kwa Kiswahili. Siku ya ufunguzi mpe mtu mwenye sauti nzuri asome kipande cha utetezi wa Karama, dakika tano zinatosha, watu watarudi kuziangalia upya.

Bei panga kwa ukubwa, kiwango kimoja kwa kila sentimita ya mraba, mteja akiuliza una jibu. Zile sita mi nisingeziuza mojamoja, ule mraba peke yake hauna maana, ziuze kama seti au zisubiri, na kabla hazijafungwa zipige picha zote kwenye mwanga wa mchana, pamoja na ukumbi wenyewe.