Jinsi ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Mwanza na Kilimanjaro

Basi linalotoka Mwanza kwenda Arusha kwa kupitia Shinyanga, Singida na Babati hutembea zaidi ya kilomita 700, ilhali ndege inayoruka moja kwa moja hadi Kiwanja cha Kilimanjaro hupita juu ya nyika za Serengeti na Ngorongoro, ambazo barabara hiyo huzizunguka kwa upande wa kusini. Kwa sababu hiyo, kilomita za barabara hazifai kukadiria safari ya angani, na ni vema msafiri akokotoe mwenyewe.

Anza na mahali vilipo viwanja vyenyewe. Kiwanja cha Mwanza kipo nyuzi 2 na dakika 27 Kusini, nyuzi 32 na dakika 56 Mashariki (dakika hapa si ya muda, bali ni sehemu moja kati ya 60 za nyuzi moja). Cha Kilimanjaro kipo nyuzi 3 na dakika 26 Kusini, nyuzi 37 na dakika 4 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 59, na ya longitudo ni dakika 248. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna nafuu kubwa hapa, kwa kuwa dakika moja ya longitudo inakaribia kulingana na dakika moja ya latitudo, yaani maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Zidisha 59 kwa 59, na 248 kwa 248, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata maili 255, sawa na kilomita 472 hivi.

Ndege ya ATR 72, yenye injini mbili za mapangaboi, huenda takribani kilomita 500 kwa saa ikiwa angani, hivyo umbali huo huchukua dakika 57. Ongeza dakika 15 hadi 20 za kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua, na utaona kwa nini saa 1 na robo ni makadirio ya haki. Upepo wa usoni huongeza dakika chache.

Hata hivyo, kagua tiketi kabla ya kulipa. Ikiwa inakupitisha Dar es Salaam, utaruka kilomita 850 hivi kwanza, kisha 450 nyingine kurudi kaskazini, jumla 1,300, karibu mara tatu ya njia ya moja kwa moja, bila kuhesabu muda wa kusubiri.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usomaji wa saa, kwa sababu ndugu yangu wa karibu aliachwa na ndege kwa kosa hili: tiketi ikiandikwa 07:15, hiyo ni saa moja na robo asubuhi, wala si saa saba na robo mchana.

Mwisho, hesabu mlango kwa mlango. Kiwanja cha Mwanza kipo Ilemela, kilomita 10 hivi kutoka mjini, na cha Kilimanjaro kipo kati ya Arusha na Moshi, takribani kilomita 50 kutoka Arusha. Ukitenga nusu saa ya kufika kiwanjani, saa 2 za kuripoti mapema, saa 1 na robo ya safari, nusu saa ya mizigo na saa 1 ya barabara, utaingia Arusha baada ya saa 5 na robo tangu ulipofunga mlango wako.