Kuanza Maisha na Kazi Ujerumani: Anwani Kwanza

Anayewasili Ujerumani kufanya kazi, awe muuguzi kutoka Nairobi au fundi umeme kutoka Arusha, hushughulika kwanza na laini ya simu na duka linalouza unga wa ugali. Hayo yatapatikana tu. Linalopaswa kutangulia ni anwani, kwa kuwa mambo mengine karibu yote huanzia hapo.

Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya usajili wa wakazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Mkataba wa pango pekee hautoshi. Tangu Novemba 2015 hudaiwa pia fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, inayothibitisha kwamba umeingia. Kabla hujatoa hata senti moja, muulize kama ataisaini, na akianza kuzungukazunguka, achana na chumba hicho hata kiwe rahisi namna gani. Amana nayo haipaswi kuzidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3.

Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo, likiandikwa kama lilivyo katika pasipoti. Ofisi za huko bado husema na watu kwa barua, na tarishi asiyeliona jina huondoka na bahasha yake. Namba ya kodi, yenye tarakimu 11, huja kwa njia hiyo wiki chache baada ya usajili, na mwajiri akiendelea kuikosa hukukata kodi kwa daraja la 6, lililo zito kuliko yote. Bahasha ya njano, yaani barua rasmi ya ofisi ya serikali au mahakama, usiilaze: huhesabiwa umeipokea tangu ilipotumbukizwa sandukuni, uwe umeisoma au hukuisoma, na siku za kukata rufaa huanza kwenda.

Mfuko wa bima ya afya uchague mwenyewe. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Kipindi cha majaribio kwa kawaida ni miezi 6, na katika muda huo notisi ya wiki 2 yatosha kukuachisha kazi. Ukiugua, toa taarifa kabla zamu haijaanza; ugonjwa ukizidi siku 3, cheti cha daktari ni lazima, ingawa mwajiri anaweza kukidai mapema zaidi.

Kibali cha ukaazi kiombe mapema, viza ikiwa bado hai, na uhifadhi uthibitisho wa maombi yako, kwa sababu foleni ya miadi katika miji mikubwa ni ndefu.